Tanzia kwa Mashine Isiyo na H

Halmashauri wameniletea karatasi:
Bi Somoe, tuandikie mistari mitatu,
tutaichonga ukutani, ukumbi mpya.
Alizaliwa. Akawa wakili, akawa mbunge. Akafariki.
Rangi ya dhahabu, wamesema, imeshanunuliwa.

Mistari mitatu!
Mimi niliyempigia chapa miaka kumi na tisa
chumba cha nyuma, ukuta mmoja na ghala la ushirika, hapa Newala,
kwa mashine iliyokufa herufi moja tu, H.
Fundi alikuwa Lindi, na Lindi enzi hizo, wakati wa masika,
ilikuwa mbali kuliko Ulaya.
Basi nikawa naacha pengo penye haki,
pengo penye hukumu,
mapengo mawili penye shahidi,
na jioni yeye, miwani imeshuka puani,
anayajaza kwa kalamu, moja moja,
kama mtu anayefukia mbegu za karanga.
“Hakimu asipelekewe haki yenye kibogoyo,”
alisema, akacheka peke yake.

Hilari Nantumbo, mtoto wa mchonga mipini wa Mkunya.
Malipo yake yalikuja kwa miguu:
kuku, debe la choroko, ming'oko ya kuchemsha kwenye kapu,
na siku moja mbuzi
aliyetafuna nusu ya jalada la mwenye mbuzi.
Tukaomba kesi iahirishwe.

Kisha ile kesi ya jiwe.
Jiwe la mnada wa korosho, limeandikwa kilo ishirini.
Alilibeba mwenyewe hadi mbele ya hakimu,
akaazima hospitali mizani ya kupimia watoto wachanga,
akalilaza jiwe kwenye beseni, taratibu, akalitandikia na kanga.
Hakimu aliinama kusoma.
Nje wakulima walinyamaza
kama watu wanaosubiri mtoto alie.
Ishirini na mbili na nusu.

Kwa jiwe hilo wakamtuma bungeni.
Alisema dakika tisa juu ya maji:
ndoo, mteremko, mwanamke anayeondoka alfajiri
na kurudi jua likiwa utosini.
Hansadi imeandika: makofi.
Bomba haikuandika.

Na ipo siku nyingine, ambayo haitachongwa.
Walipouliza nani anaafiki sheria ya kuwahamisha watu,
mkono wake ulikuwa miongoni mwa mikono.
Aliniambia mwenyewe, bila kuniangalia,
akitazama mashine:
“Niliunyoosha, Somoe. Haukuwa mzito hata kidogo.”

Walipokuja na malori
na mikorosho ikabaki inadondosha matunda pasipo mwokotaji,
alirudi, akafungua kile chumba cha nyuma,
akapokea kesi thelathini na moja, bila kuku, bila choroko.
Hakimu, kijana, akamuuliza mahakamani:
“Mheshimiwa, sheria hii si wewe uliyeipitisha?”
“Ndiyo. Kwa hiyo naujua ufa wake ulipo.”

Alirudisha mashamba manne.
Yale ishirini na saba aliyataja kwa majina ya wenyewe,
usiku, hata homa ilipompanda,
Bi Nawanda wa mtoni, Mzee Chitanda mwenye minazi miwili,
nami nikiwa na kitambaa cha maji
nisijue kama niitikie.

Uchaguzi uliofuata alishindwa na mtu mwenye lori.
Hilo nalo halimo kwenye mistari mitatu.

Jana nimefungua mfuko wa mashine.
Panya wamekula utepe upande mmoja, bado inapiga.
Nimeandika alizaliwa, nimeandika wakili,
nimeandika mbunge, mwaka, mwezi.
Zimetoka safi, hakuna herufi iliyokosekana.
Nilipofika kwenye jina
mashine imeniandikia ilari,
na mbele yake nafasi, nyeupe, upana wa kidole.

Halmashauri, karatasi yenu ndiyo hii.
Kalamu yake ninayo, ila wino umekauka.
Mtakayempa kazi ya kujaza hapo
kwanza mpimeni mkono.